Maboksi Kumi na Moja ya Lami

Alhamisi, 25 Februari

Imefunguka. Nimeanza asubuhi nikamaliza adhuhuri, lakini imefunguka!

Ni sidiai ya pikipiki ya muuza mkaa. Kisanduku cheusi, ukubwa wa viberiti viwili, ndicho kinachopeleka moto kwenye plagi. Kiwandani wanamimina gundi ndani, ikikauka inakuwa jiwe, ili mtu kama mimi asitie mkono. Ikifa, tupa, nunua nyingine. Na hizo nyingine zinazouzwa hapa Bobo siku hizi hazimalizi miezi miwili. Bakary, mkuu wa gereji yetu, husema kilichozibwa kiwandani kimezikwa, na anayefukua makaburi ni fisi. Haya. Mimi fisi. Lakini pikipiki za wateja wake zikikosa moto, maboksi anamletea nani?

Mchanga wa Mama Setu ndio siri yangu. Anakaa kulia kwangu, anakaanga karanga kwenye mchanga wa moto. Akishaepua karanga, mimi nazika boksi humo. Moto wa mkaa huunguza, mchanga unaivisha taratibu. Gundi inalegea, naikwangua kwa njiti ya baiskeli niliyoinoa. Leo nimekuta dayodi moja imeungua, haizidi punje ya mchele. Punje moja ya mchele imemlaza mtu nyumbani wiki nzima. Nimetoa nyingine kwenye redio mbovu, nikalehemu, nikamimina lami ya betri kuukuu juu, nikaacha ipoe. Ile gundi ya tyubu mbili niliyokuwa naitumia haiji tena mjini tangu Desemba. Lami inatosha. Marehemu baba aliziba transfoma za redio kwa lami miaka thelathini, na redio zake nyingine zinaimba mpaka leo.

Jioni amepita Demba Sangaré na madumu yake ya maziwa. Mfulani, mtani wangu. Hajashuka hata kwenye pikipiki. Ati Koro, mtumwa wangu, boksi lako linanikojolea mguuni. Nikamwambia linakojoa kwa sababu limemwona mwizi wa ng'ombe. Gereji nzima ikacheka. Akasema nyinyi Wabobo mnakula mbwa, ndiyo maana hata mnachotengeneza kinakojoa kila mahali. Nimecheka mpaka nikashika mbavu.

Jumanne, 8 Machi

Siku ya wanawake. Kitenge kipya, kimekakamaa kama kadibodi. Leo wanaume ndio huenda sokoni na kupika, basi gereji ilikuwa kituko. Bakary kapika wali ukashika chini, ukabaki mbichi juu. Tumekula. Nani anakataa wali aliopikiwa na Bakary?

Akasimama kuhutubia. Akasema miaka mitano iliyopita aliniambia hakuna mwanamke atakayeketi kwenye gereji yake akikwangua maboksi, na leo anayameza maneno yake pamoja na wali. Kisha akasema ule msemo wangu mbele ya watu wote: boksi likitoka kwa Koro halirudi.

Nimejisikia vizuri. Naandika hapa kwa kuwa sitamwambia mtu: nimejisikia vizuri mno. Kila fundi wa mji huu anajua kununua kipya. Kufungua kilichofungwa ni mimi tu.

Joto limeingia. Ule upepo wa vumbi wa baridi umekwisha kama mtu aliyefunga mlango.

Jumatano, 16 Machi

Boksi limerudi.

La Yaya, muuza mbao. Pikipiki imemzimikia njia ya Banfora, mchana, na mbao juu. Amesukuma mpaka kwenye kituo cha mafuta. Nimesema labda bomba la moshi liko karibu mno na boksi. Nimesema labda waya. Yaya hakubisha, alikuwa amechoka. Akaweka boksi mezani, likabaki limenata kwenye gazeti.

Bomba la moshi. Lazima ni bomba la moshi.

Alhamisi, 17 Machi

Si bomba la moshi.

Limerudi la pili, la mwalimu wa shule ya msingi. Pikipiki yake ni ya aina nyingine kabisa, boksi linakaa chini ya kiti, bomba liko mbali. Ndani lami imehamia upande mmoja kama uji kwenye sahani iliyoinamishwa. Vipande vyote viko uchi. Mtikisiko wa barabara umekata mguu wa kapasita.

Nilikaa. Mama Setu akauliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Kisha nikakumbuka. Nikaondoka bila kufunga meza, nikaenda mpaka kwa wauza maziwa. Demba alikuwa anapima maziwa. Sikumsalimu. Nikamwambia inua mguu. Akainua, akidhani ni mchezo. Suruali, chini ya goti, mguu wa kushoto: madoa meusi, ya zamani na mapya. Lami yangu.

Nikamuuliza, siku ile ulisema kweli? Akasema, nilisema kweli, sasa ulitaka nilie? Nikamuuliza mbona hukurudia. Akasema amerudia mara tatu. Mara ya pili nilimwambia akajifunze kukojoa mwenyewe kabla ya kusingizia maboksi. Mara ya tatu nilimrushia karanga.

Ni kweli. Nimekumbuka na karanga.

Wiki tatu. Mteja ameniletea habari mara tatu, mdomoni mwake, bure, nami nacheka. Angekuwa Yaya ningelifungua boksi siku ileile. Lakini mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unacheka kwanza, na moto haungoji umalize. Nimejichukia leo. Hili halina kona ya kujificha.

Jumamosi, 19 Machi

Nimejaribu, maana sitaki kukisia tena. Kipande cha lami kwenye kifuniko cha chupa, juu ya bati la meza, juani. Juu yake nimeweka karanga moja. Saa nne ilikuwa imesimama. Saa sita ilikuwa imezama nusu. Saa nane siioni. Mama Setu alikuwa anatazama pamoja nami. Akasema, mwanangu, karanga yangu imekufa maji.

Baba hakukosea. Redio za baba zilikaa kabatini, kivulini, juu ya kitambaa cha kufuma. Hazikupanda barabara ya vumbi saa saba mchana zikiwa zimekaliwa na mtu mwenye gunia. Mimi ndiye niliyechukua dawa ya ndani nikaipeleka nje. Tena niliipeleka Desemba na Januari, wakati watu wanavaa makoti na lami inakuwa ngumu kama chuma. Kila boksi nililolijaribu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kwa sababu kulikuwa na baridi!

Nimehesabu maboksi niliyoziba kwa lami. Naziona pikipiki moja moja, ninazikumbuka kuliko nyuso. Kumi na moja. Mbili zimerudi. La Demba la tatu. La muuza mkaa nimekwenda kulichomoa mwenyewe jana, la nne.

Saba ziko barabarani, na joto bado linapanda. Aprili haijafika hata kidogo. Nitazirudisha zote kabla hazijamwacha mtu porini. Zote.

Jumatatu, 21 Machi

Nimegombana na Bakary.

Yeye anataka tunyamaze. Ati boksi likirudi, tengeneza, sema petroli chafu, sema barabara, nani atajua? Ukipiga mbiu kwamba maboksi yameoza, watasema gereji nzima imeoza, na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kukosa kazi. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akasema wewe huna mtoto hata mmoja, hiyo methali umeiokota wapi. Ilinichoma hiyo. Nikamwambia ninayo kumi na moja, saba yako barabarani bila breki.

Hakucheka. Akasema, Koro, watu wanakuja hapa kwa sababu ya maneno matano: boksi likitoka kwa Koro halirudi. Ukiyaua hayo maneno, huna kitu kingine cha kuuza.

Nimeyafikiria njia nzima ya kurudi nyumbani. Ana haki. Lakini hayo maneno yamekwisha kufa, bado kuzikwa tu. Sitanyamaza.

Ugumu ni namna. Nisimame sokoni niseme mimi fundi mbovu? Ulimi wenyewe unakataa.

Alhamisi, 24 Machi

Demba ametatua. Sikumwomba, alijitolea, maana kwetu hivyo ndivyo ilivyo: jambo lisilosemeka hubebwa na mtani. Anaweza kunitukana mbele ya hadhara na hakuna aibu inayonibakia.

Siku ya soko. Amesimama juu ya dumu la maziwa, karibu na wauza vitunguu. Akapiga makofi. Enyi watu, mnamjua mtumwa wangu Korotimi Millogo? Huyu Mbobo alipewa maboksi kumi na moja ayatibu, akaona pombe ya mtama haitoshi, akayanywesha lami. Jua limewaka, maboksi yamelewa, yanatapika. Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Yarudisheni zizini, atayatibu upya, bure, na akidai hata faranga moja, niiteni mimi nimrudishe utumwani.

Watu waliangua kicheko. Nami nilikuwa nimesimama palepale, nimejifunga kitenge changu cha tarehe nane, nikamjibu ipasavyo kuhusu ng'ombe wa watu.

Kabla ya magharibi yamekuja matatu. Yamefika saba sasa!

Jumatatu, 28 Machi

Gundi imepatikana. Dereva wa lori ameileta kutoka ng'ambo ya mpaka. Si ile ya zamani. Hii ina mfuniko wa njano na maandishi nisiyoyajua. Ya kwanza niliyochanganya imepasuka ilipokauka. Ya pili nimetia mchanga wa mtoni niliouchekecha kwa kitambaa cha kichwa, kama unga wa uji. Hiyo haikupasuka. Nimeliweka boksi hilo juu ya bati, juani. Litakaa huko. Kila saa sita mchana nitalichoma kwa njiti nione kama linabonyea.

Mengine mawili yamekuja. Tisa.

Ijumaa, 1 Aprili

Siku ya nne juani. Halibonyei.

La kumi limepatikana. Pikipiki ilikuwa imeuzwa Banfora. Nimepiga simu nane kumfikia mwenyewe. Fundi wa huko amelitoa, amelitupa kwenye ndoo, amefunga lingine. Nilimshukuru mpaka akashangaa.

Limebaki moja. La Sista Ernestine Somda.

Nilijua tangu mwanzo kuwa litakuwa la mwisho. Yeye ni muuguzi wa zahanati ya Sinfara, peke yake kule, anapeleka chanjo vijijini kwa pikipiki. Januari alikuja na boksi mkononi kama mtu aliyebeba kifaranga. Nikamtengenezea akingoja. Nikamwambia, Sista, nenda, hili halirudi, naapa. Akaniombea dua.

Nimempigia. Mtandao wa kule ni wa kupanda kichuguu. Nimesema Sista, boksi lako lina lami, litazimika. Akacheka. Akasema nimekwisha kusikia kwa wauza maziwa, Mfulani wako na vituko vyake, nimemsimulia mpaka mganga mkuu wa wilaya. Nikasema si utani, Sista. Akasema najua, najua, mmelewa nyote, wewe na maboksi. Akazidi kucheka. Ikakatika.

Basi ndivyo. Kicheko kilichonirudishia maboksi matano ndicho kinachonizuilia la mwisho. Nimepiga mara kumi na mbili zaidi. Kimya.

Jumatatu, 4 Aprili

Siku ya saba juani. Gumu bado. Leo nchi inatokota, hata mbuzi wamekataa kusimama.

Bado Sista hapatikani. Bakary anasema nimngoje ashuke mjini mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi! Nimemwambia nakwenda mwenyewe. Akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na plagi mpya na waya, akaviweka kwenye mkoba wangu.

Jumatano, 6 Aprili — Sinfara

Demba amenileta. Kilomita sitini na kitu, vumbi jekundu mpaka ndani ya meno. Njia nzima anaimba kuhusu Mbobo aliyepanda farasi wa Mfulani akidhani ni mbwa. Amenishusha akarudi, maziwa hayangoji.

Sista Ernestine ni mwembamba, mrefu, sauti ya chini. Alipoona nimekuja mimi mwenyewe, kicheko kilimtoka usoni taratibu. Akaniketisha. Akanipa maji, kisha ugali wa mtama na mchuzi wa bamia. Nimekula kwanza. Halafu nikamweleza yote, bila utani: lami, baridi ya Desemba, karanga iliyozama, mguu wa Demba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nikatoa boksi jipya, lile lililokaa juani. Nikamwambia, Sista, dakika mbili tu, nachomoa lile nachomeka hili. Hili halirudi.

Akasema: Januari ulisema hivyohivyo. Kwa sauti hiyohiyo.

Nikaliweka boksi chini.

Akasema kesho ni siku ya chanjo. Vijiji vinne. Wanawake wametoka mashambani tangu leo kuja kungoja. Barafu ninayo ya siku moja, ikiyeyuka chanjo zimekufa. Pikipiki yangu inatembea. Imetembea tangu Januari. Wewe unataka nitoe ninachokijua nitie nisichokijua, usiku wa kuamkia chanjo, kwa sababu umeapa. Uliapa na mara ile. Sasa niamini mdomo gani?

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, nina hasira za kutosha za kumjibu mtu. Nilitoka nikaenda kuitazama pikipiki. Nikapitisha kidole chini ya boksi. Kidole kikatoka cheusi. Nikarudi nikamwonyesha. Akakitazama kidole. Akasema hata injini huvuja mafuta na inatembea.

Nikafikiria kulichomoa kimyakimya alfajiri. Dakika mbili. Naandika ili nijue kwamba nilifikiria. Sitafanya. Pikipiki ni yake.

Nimemwambia basi kesho nakuja nawe. Nitakaa nyuma, boksi jipya mapajani. Akasema nyuma kuna sanduku la chanjo. Nikasema nitalipakata hilo pia. Ameinua mabega. Nimechukulia kuwa ni ndiyo.

Alhamisi, 7 Aprili — njiani

Naandika kijiji cha tatu, chini ya kivuli cha ghala la nafaka. Niandike haraka, kwa mpangilio.

Tumetoka saa kumi na mbili. Kijiji cha kwanza, salama. Watoto thelathini na wanne, kilio kimoja. Cha pili, salama. Kila tukiondoka, pikipiki ilikubali kiki ya kwanza. Ernestine aligeuka akanitazama, nikamsoma. Nami — Mungu anisamehe — kuna kipande changu kilichokuwa kinaliombea boksi lizime. Ili nionekane mkweli. Nimekikanya hicho kipande. Nikaanza kuliombea litembee.

Saa sita kasoro robo likazima. Hakuna kukohoa wala kugugumia. Tulikuwa tunapanda kilima kidogo, mara sauti ya matairi tu kwenye mchanga. Kimya. Hakuna nyumba, hakuna mtu. Lami ilikuwa inadondoka juu ya kiatu cha Ernestine, kiatu cheupe cha zahanati.

Alishuka. Akakitazama kiatu. Akafungua sanduku la chanjo kidogo, akatia mkono, akafunga. Barafu ilikuwa imebaki vipande vitatu. Hakunilaumu.

Nilichomoa boksi, limeniunguza vidole. Nikachomeka jipya. Dakika mbili kama nilivyosema. Nikataka kupiga kiki, akaweka mkono wake juu ya usukani.

Akasema: usipige. Niambie kwanza. Hili nalo halirudi?

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Yamekaa hapo miaka mitano, yanatoka yenyewe. Nimeyameza. Nikamwambia: sijui. Gundi hii ni ngeni. Nimeiweka juani siku nane haikulegea, na boksi nililijaribu gereji saa nzima likafanya kazi. Njiani, na mtikisiko huu, na joto hili, sijalijaribu. Hilo ndilo ninalolijua. Zaidi ya hapo sijui.

Nilidhani atalia au atanipiga. Akaondoa mkono wake kwenye usukani. Akasema: ungeniambia hivyo Januari, ningekuja kulibadilisha Machi.

Nimepiga kiki. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu imewaka.

Hatukuizima tena. Tumefika hapa kijiji cha tatu inanguruma, nikaiegesha hapa kivulini bado inanguruma, na Ernestine akaingia kazini. Petroli inakwenda bure, najua, lakini nani alikuwa na moyo wa kuizima? Watoto wamekuja kuizunguka. Bibi mmoja ameniuliza kama ni mgonjwa, maana nimeishika kama mgonjwa. Kila dakika chache naweka kidole juu ya boksi. La moto. Gumu. La moto. Gumu.

Kimebaki kijiji cha nne. Kilomita tisa, pori tupu, na vipande viwili vya barafu.

Ernestine ametoka. Amenawa mikono. Amekuja moja kwa moja kwenye pikipiki, na mbele ya macho yangu amezungusha ufunguo. Amezima.

Nimepiga ukelele, ndiyo. Nimemuuliza umefanya nini. Akasema kwa sauti yake ileile ya chini: injini ikizimwa ndipo joto hupanda, kweli si kweli? Kweli. Upepo wa mwendo ukikatika boksi linaiva zaidi kuliko barabarani. Anajua, amepanda pikipiki miaka kumi na sita. Akasema basi likae robo saa liive. Likitaka kufa, life hapa penye watu, siyo kule. Kisha utaiwasha wewe.

Nikauliza na likifa?

Akasema watoto wa kule wanangoja. Atakwenda kwa miguu. Sanduku ni zito, atalibeba kichwani, si mara yake ya kwanza.

Ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, anakunywa maji. Haitazami pikipiki. Ananitazama mimi. Kijiji chote kimekuja kutazama tunachokitazama.

Dakika kumi na moja zimepita. Nimegusa. Sijawahi kugusa boksi la moto namna hii. Kucha haiingii.

Nimevua kitambaa changu cha kichwa, nimekizungusha kuwa ngata, nimekiweka utosini. Kinakaa vizuri. Kilomita tisa si Makka. Likikataa, sanduku la chanjo nalibeba mimi, na Ernestine atembee mikono mitupu mpaka mlangoni kwa wale wanawake.

Ernestine ameiona ngata. Amesimama.

Dakika kumi na nne. Naweka kalamu.